Ndoo ya klorini mlangoni

Kazi yangu ni kutunza mabwawa ya kuogelea ya majumbani. Kwa sasa nina nyumba kumi na moja: nyingi ziko Mbezi Beach na Kawe, mbili Kigamboni, moja Bunju. Nafika asubuhi kabla jua halijawa kali, nasugua kuta kwa brashi, natoa majani ya mkungu kwenye kikapu cha skima kinachonasa takataka za juu ya maji, napima klorini, naosha filta ya mchanga, naondoka. Wateja wangu wananiita wanapotaka maji yang'ae. Na mimi kwa miaka sita ya mwanzo niliamini kazi yangu ni hiyo, kung'arisha maji, mpaka Jumamosi moja ya Novemba 2019.

Habari hii nimekaa nayo muda mrefu. Naiandika leo kwa sababu likizo ya Desemba inakuja na simu yangu imeanza kulia. "Fundi, njoo unisafishie bwawa, Jumapili tuna watoto ishirini." Watoto wa ndugu wanakuja kutoka mikoani, nyumba zenye bwawa zinakodishwa kwa siku kwa sherehe za kuzaliwa, na katika simu zote hizo hajatokea hata mmoja wa kuniuliza mlango wa kuingilia bwawani ukoje. Wanauliza rangi ya maji.

Nyumba ile sitaitaja wala wenyewe sitawataja. Bwawa liko nyuma, mita nane kwa nne, linaanzia kina cha sentimita 90 na kushuka hadi mita 1.8. Ilikuwa moja kati ya nyumba mbili tu, katika zote nilizokuwa nazo wakati huo, zenye uzio unaolizunguka bwawa lote. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeung'ang'ania baada ya kujifungua mtoto wa mwisho. Fundi wa kuchomelea aliweka fito za wima, na kigeti chenye bawaba za springi: ukikiachia kinarudi chenyewe na komeo linaingia, klik. Mtoto huyo wa mwisho nitamwita Kaka Mdogo, kwa sababu ndivyo dada yake wa miaka saba alivyokuwa akimwita. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane.

Siku hiyo sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia maji, ilikuwa inavuja. Kibanda cha pampu kiko nje ya uzio, nyuma ya jiko, kwa hiyo nilikuwa naingia na kutoka: mara spana, mara mpira wa kuvutia uchafu, mara narudi kuangalia kama maji yanazunguka. Kila nikipita, kigeti kinanigonga mgongoni. Mara ya tano au ya sita nikachukua ndoo ya klorini ya kilo ishirini, nikakiegemeza nayo kibaki wazi. Nilijiambia ni dakika tano.

Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje. Nimejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Nasema hivyo ili mnielewe: nilikuwa hatua kama kumi kutoka kwenye maji, mtu mzima anayeweza kuzama mpaka chini na kuibuka, na sikusikia kitu. Nilikuwa nimeinama kwenye pampu, sikio langu liko kwenye mota, nasikiliza kama sili mpya imeshika. Hakuna aliyelia. Hakuna maji yaliyoruka. Wengi tunafikiri mtu akizama hupiga kelele na kurusha mikono kama anayeita daladala. Miaka mingi iliyopita mlinzi mmoja wa waogaji wa New York, Francesco Pia, aliwachunguza watu wanaozama kwa kweli na akaeleza kinachotokea: mdomo unazama na kuibuka, na ule muda wa kuibuka unatosha kuvuta pumzi tu, hautoshi kuita. Mikono inajisukuma chini kwenye maji kutafuta pa kujiegemeza. Mtu mzima hudumu hivyo kati ya sekunde 20 na 60. Mtoto wa umri wa Kaka Mdogo, ambaye kichwa chake bado ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake mdogo, mara nyingi hana hata muda huo. Anaingia kichwa mbele, basi.

Aliyemwona ni dada wa kazi. Alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa nyumba. Alikuwa amemwacha Kaka Mdogo sebuleni na dada yake wakitazama katuni, na yule dada yake wa miaka saba alikuwa ameenda chooni. Dada wa kazi alipozunguka kuchukua beseni la pili aliona yeboyebo moja ya bluu iko peke yake kando ya ndoo yangu. Moja tu. Aliangusha beseni, na mlio wa beseni ndio ulioninyanyua mimi.

Yeye kwao ni Singida, hajawahi kuogelea maishani mwake. Aliingia majini na gauni na kilemba chake. Mtoto alikuwa ameshavuka pale pa sentimita 90, yuko kwenye mteremko, amelala kifudifudi. Nilipofika ukingoni maji yalikuwa yamemfika dada shingoni na mkono wake mmoja umeshika fulana ya mtoto. Niliwatoa wote wawili.

Kaka Mdogo alikuwa wa kijivu, midomo ya bluu, analegea kama nguo iliyolowa. Hapumui. Dereva alikuja mbio, akaipiga ndoo teke ili apite, akamshika mtoto miguu yote miwili akitaka kumning'iniza kichwa chini amtikise maji yatoke. Kila mtu wa Dar es Salaam ameshaona hivyo, ufukweni, kisimani, hata kwenye video. Mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo, na nilikuwa tayari kumsaidia.

Bibi wa mtoto ndiye aliyetuzuia. Ni mkunga mstaafu, alikuwa amekuja kukaa na wajukuu. Alitoka jikoni na upawa mkononi akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia: "Mwacheni! Maji ya tumboni hayana haraka. Anachotaka ni pumzi. Mlaze chini."

Akamlaza kwenye vigae, akainua kidevu kidogo, akafunika mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake akapuliza taratibu mpaka kifua kikapanda. Mara tano. Akatazama. Akaanza kukandamiza katikati ya kifua kwa mkono mmoja, haraka, anahesabu kwa sauti kama anayetwanga. Thelathini, pumzi mbili. Thelathini, pumzi mbili. Kwenye mzunguko wa tatu Kaka Mdogo alitapika, bibi akamgeuza ubavu, na tukasikia sauti nyembamba, kama ya paka, halafu kilio. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama kile.

Hospitali walimlaza usiku mzima ingawa jioni alishaanza kudai juisi. Daktari aliwaeleza kuwa maji yaliyogusa mapafu yanaweza kuleta shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, kwa hiyo mtoto aliyezinduliwa namna ile haachwi alale nyumbani hata akionekana mzima. Alirudi Jumapili. Leo yuko darasa la kwanza, anaongea kupita kiasi.

Hapa ningeweza kuishia, lakini sehemu inayoniuma haijafika.

Dereva alipoipiga ndoo teke, kigeti kilijifunga. Kilifanya kazi yake. Baba wa mtoto alipofika na kuzunguka nyuma kukagua, alikuta kigeti kimefungwa vizuri, komeo liko mahali pake juu, mtoto hafiki. Akahitimisha kile ambacho yeyote angehitimisha: dada wa kazi aliingia naye bwawani, akamwacha. Alianza kumsema mbele ya watu wote, huku gauni lake bado linachuruzika maji. Yeye ameinamisha kichwa. Na mimi nimesimama pale, ndoo yangu imelala ubavu hatua mbili kutoka miguuni mwangu.

Nilinyamaza.

Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka. Jumamosi usiku sikulala, Jumapili sikula. Mke wangu alipoona nimezidi akanibana, nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Na huyo binti angekuwa mdogo wako wa Kilwa?"

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye geti lao. Bibi alikuwa barazani na kikombe cha chai. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia ndoo ilikuwa yangu na mlango niliufungua mimi. Akanitazama kwa muda, akamwita mwanawe. Yeye naye alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa nimejiandaa. Alisema, "Nenda kamwambie yeye kwanza, halafu turudi hapa."

Dada alikuwa jikoni anamenya viazi. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa. Tiketi ya basi ilikuwa ya kesho yake alfajiri, kutoka Ubungo. Nilipomaliza kuongea alisema, bila kuinua macho: "Ndoo niliiona, kaka. Nilidhani na wao wameiona."

Aliiona. Alijua, tangu dakika ile, kwamba mlango ulikuwa wazi na nani kaufungua, na hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nimekuja kuamini kwamba hii nayo ni sehemu ya usalama wa bwawa. Tunamkabidhi binti wa miaka kumi na tisa kupika, kufua, kudeki, kuanika, kupokea mgeni, na katikati ya hayo yote awe na jicho juu ya mtoto anayetembea. Mshika mawili moja humponyoka, na sisi tumemshikisha saba. Kisha ikitokea ajali, yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa na wa mwisho kusikilizwa. Kama nyumba yako ina bwawa, huyo binti ndiye anayejua komeo limelegea, springi imechoka, mtoto amejifunza kuburuta kiti mpaka kwenye uzio. Muulize. Muulize kabla ya fundi.

Walimwomba radhi, akabaki. Lakini baada ya miezi miwili aliondoka mwenyewe. Alinipigia akasema kila pampu ikiwaka anashtuka usingizini.

Tangu hapo nilianza kusoma. Nilitaka kujua uzio ni nini hasa, maana nilikuwa nauona kama pambo la watu wenye woga. Nikagundua kuna nchi zimeuandikia sheria. Jimbo la New South Wales huko Australia lina sheria ya mabwawa tangu 1992, na vipimo wanavyotumia kule nimeviandika nyuma ya daftari langu la wateja: uzio usipungue mita 1.2 kwenda juu. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 10, na chini vilevile. Kigeti kifungukie nje, mbali na maji, ili mtoto akikiegemea kizidi kujifunga. Kitasa kiwe kama mita 1.5 kutoka ardhini. Na kusiwe na kitu cha kupandia ndani ya sentimita 90 kutoka kwenye uzio. Ufaransa walipitisha sheria yao Januari 2003: bwawa jipya la nyumbani lililochimbwa ardhini lazima liwe na uzio, au kengele, au mfuniko imara, au banda la kulifunika. Mwenye nyumba anachagua, lakini hana ruhusa ya kukosa vyote.

Hapo kwenye kitu cha kupandia ndipo nyumba zetu nyingi zinapoanguka. Nimeona uzio mzuri wa chuma, umepakwa rangi ya dhahabu, na kando yake chungu cha maua, jenereta, mashine ya kiyoyozi, tenki dogo, viti vya plastiki vimepangwa sita kwa sita. Hiyo ni ngazi. Nyingine fundi kaweka fito za kulala kwa sababu zinapendeza. Hizo nazo ni ngazi, na mtoto wa miaka mitatu anazipanda huku anaimba.

Kubwa kuliko yote ni hili la ukuta. Nikimwambia mteja habari ya uzio, jibu ninalopata mara nyingi ni: "Fundi, mimi nina ukuta wa mita tatu, nina waya wa umeme juu, nina mlinzi getini." Ndiyo, bosi. Ukuta huo unamzuia mwizi. Mtoto wako yuko ndani ya ukuta tayari. Kutoka sebuleni anasukuma mlango wa kioo, hatua sita, yuko kwenye maji. Madaktari wa watoto wa Marekani, nchi ambayo kuzama kunaongoza kwa kuua watoto wa mwaka 1 hadi 4, wanatumia utafiti unaosema uzio unaolitenga bwawa pande zote nne, nyumba ikiwa upande wa nje, unapunguza hatari ya mtoto mdogo kuzama kwa asilimia 83 ukilinganisha na uzio wa mpaka wa kiwanja peke yake. Pande nne. Ukuta wa nyumba wenye mlango hauhesabiwi kuwa upande wa nne, kwa sababu mlango wa nyumba hufunguliwa mara mia kwa siku.

Na uzio wenyewe ni mzima mpaka pale mtu anapouwekea ndoo. Siku hizi nikifika nyumba yoyote, kabla sijagusa brashi, nafungua kigeti kwa upana wa kiganja na kukiachia. Kisha nakifungua hadi mwisho, nakiachia tena. Nasubiri klik. Hewa ya baharini inakula springi. Huku kwetu pwani bawaba ya kawaida inaanza kukwama mapema, na kigeti kinarudi lakini hakifiki, kinabaki kimeegemea tu. Ukikitazama kwa mbali utasema kimefungwa. Nabeba mafuta na springi mbili za akiba kwenye begi, na sitozi. Nikihitaji kupita mara nyingi, namwomba mtu mmoja asimame pale mlangoni mpaka nimalize. Asipopatikana, kigeti kinigonge.

Maji ya kijani nayo nataka niyaseme, kwa sababu watu wanayaona ni suala la urembo. Umeme ni ghali, naelewa. Mteja anaona Luku inavyokimbia anaamua pampu iwake saa mbili kwa siku badala ya nane. Baada ya wiki, hasa kipindi cha joto, maji yanageuka mchuzi wa mchicha. Mtoto akiingia humo haonekani. Unaweza kusimama ukingoni, ukamwita, ukazunguka nyumba nzima ukimtafuta chumbani na uvunguni, na yeye yuko mita moja kutoka miguuni pako. Kipimo changu ni kimoja: nikisimama ukingoni lazima nione tundu la kutolea maji chini kabisa, na nihesabu mistari ya kifuniko chake. Nisipoiona, hakuna anayeogelea siku hiyo hata kama keki imeshafika. Na mtoto akipotea katika nyumba yenye bwawa, anza kumtafuta bwawani, kabla ya chumbani na kabla ya kwa jirani.

Kifuniko hicho cha chini nacho kikaguliwe. Kikivunjika, pampu inavuta kwa nguvu ambayo mtu mzima hawezi kuishinda. Marekani wana sheria ya 2007 yenye jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka saba aliyenaswa na mvuto wa namna hiyo mwaka 2002. Klorini na jua huifanya plastiki iwe kama biskuti. Mwaka jana Kigamboni niligusa kifuniko kwa ncha ya mpini kikapasuka vipande vitatu. Nilizima pampu na nikatoa kikatio cha umeme mpaka kipya kilipopatikana.

Sasa sherehe. Nimeshahudhuria nyingi kama fundi wa zamu, na nimeona jambo lilelile. Watu wazima thelathini wamelizunguka bwawa, kila mmoja anaamini wengine ishirini na tisa wanatazama. Kuna muziki, kuna nyama choma, kuna simu za kupiga picha. Mtoto anaenda chini mbele ya wote. Mteja wangu mmoja wa Kawe, mwalimu, ametafuta njia yake ambayo naipenda sana: ana filimbi ya kamba. Anayeivaa shingoni ndiye mtazamaji. Hana simu, hana sahani, haongei na mtu, macho kwenye maji kwa robo saa, kisha anamvalisha mwingine mkono kwa mkono na kusema kwa sauti, "Sasa ni wewe." Hakuna kuiweka mezani. Na watoto wa chini ya miaka mitano lazima wawe na mtu wao ndani ya maji, umbali wa kumshika kwa mkono. Maboya ya kujaza upepo ya mikononi yanachomoka na kupasuka. Ni vitu vya kuchezea, hayaokoi mtu. Sherehe ikiisha, mipira na bata wa plastiki vitolewe majini vyote na kufichwa, kwa sababu asubuhi yake ndivyo vitakavyomwita mtoto.

Wengine huniuliza kama kuwafundisha watoto kuogelea kunatosha. Wafundisheni, mapema iwezekanavyo. Binti yangu nilimwanza akiwa na miaka miwili. Lakini mtoto anayejua kuogelea akiwa na nguo za kuogelea, mwalimu yuko mbele yake, si yule anayeteleza na jinzi na viatu akiwa peke yake. Mafunzo ni nyongeza ya uzio. Hayachukui nafasi yake.

Na jifunzeni alichofanya bibi. Nilienda kujifunza mwenyewe, siku nzima, na doli la plastiki. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo unaanza na pumzi: tano kwanza, kisha kukandamiza kifua 30 na pumzi 2, kina cha theluthi ya kifua, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Ukiwa peke yako, fanya hivyo dakika nzima kabla ya kukimbilia simu. Mkiwa wawili, mmoja apige Zimamoto na Uokoaji 114 na kutafuta gari papo hapo. Ubongo hauna subira. Baada ya dakika nne, tano bila hewa unaanza kuumia, na kwa foleni za Dar es Salaam hakuna gari la wagonjwa litakalokuwahi ndani ya dakika hizo. Utakuwa wewe, au dada, au mlinzi. Kwa hiyo na wao wafundishwe, na walipiwe siku hiyo kama siku ya kazi.

Nimepoteza wateja wawili kwa maneno haya. Mmoja, mwezi wa pili mwaka huu, alikuwa anajenga bwawa Goba na ana mapacha wanaotambaa. Nilimwambia sitalijaza maji kabla ya uzio. Akasema uzio utaharibu mandhari na picha za nyumba, akamwita fundi mwingine. Bwawa limejaa. Nimempigia mara tatu tangu hapo, si kuomba kazi, kumuuliza tu kama ameweka. Mara ya tatu alinijibu kwamba mkewe naye ameanza kumuuliza. Nitampigia tena.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Najua wengi mnaosoma hapa hamna bwawa na hamtakuwa nalo. Wengi wa watoto hao pia hawakuwa na bwawa. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo ya kufulia, pipa la maji ya mvua, shimo la tofali, kisima cha uani. Maji hayaulizi yamegharimu kiasi gani.

Yule dada sasa ana mtoto wake, wa kike, anajifunza kutembea. Tunawasiliana, mke wangu humtumia nguo za mtoto. Nyumbani kwao kuna kisima cha mkono, uani, kilikuwa kimefunikwa kwa bati na jiwe juu yake. Wiki iliyopita alinitumia picha. Ameliondoa bati, amejengea ukingo wa tofali unaomfika kiunoni, ameweka mfuniko wa mbao wenye bawaba, na komeo. Chini ya picha ameandika, "Kaka, kagua."

Niliivuta picha mpaka nikaona kila msumari. Pembeni ya ukingo palikuwa na kigoda cha kukalia wakati wa kuchota. Nilimjibu: kila kitu kiko sawa, ondoa kigoda.